Mbwa Wetu Anaganda Mbele ya Kuku, Mama Mkwe Anasema Ana Jini

Shikamoo Bwana Mifugo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani. Nyumbani tuna mbwa ambaye hatukumwomba, na sasa amekuwa kesi ya ukoo mzima.

Baba watoto alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuja kwa kazi za gesi. Mkataba ulipoisha mzungu akapanda ndege, mbwa akabaki kwetu pamoja na nusu mfuko wa chakula cha dukani, mabakuli yake na kadi ya chanjo. Kwenye kadi wameandika German Shorthaired Pointer, dume, umri miaka miwili. Jina lake Bruno.

Kwa sura hafanani na mbwa wetu hawa. Ni mrefu, kifua kimeshuka, kiuno chembamba. Kichwa chote kahawia, na mwili una madoadoa ya kahawia na nyeupe yaliyochanganyikana, kwa mbali utadhani kajigaragaza kwenye majivu. Masikio yamelala. Mkia umekatwa nusu, na kila mgeni ananiuliza nani kamfanyia ukatili huo, wakidhani ni sisi.

Kinachotutisha ni kuganda. Anatembea zake uani, mara anasimama. Mguu mmoja wa mbele juu, shingo imenyooka, mkia umekakamaa, hatikisiki. Ukimwita ni kama hasikii. Mara nyingi inakuwa mbele ya kuku, lakini siku nyingine anagandia kichaka kitupu, na hapo ndipo mama mkwe alipoanza kumsomea Ayatul Kursiy. Anasema mbwa huona wasioonekana, na huyu kaja na wageni, hatujui katoka na nini huko.

Akimaliza kuganda, anaruka. Ameshaua kuku kadhaa wa jirani, nimelipa. Jirani huyo huyo akanishauri nimfunge kuku mfu shingoni mpaka aoze, eti atakoma. Sijafanya. Baba watoto akaona bora mnyororo, basi kutwa yuko chini ya mwembe. Usiku anabweka, anafukua mashimo, ametafuna ndala, kapu la ukindu na mguu wa kiti. Akifunguliwa anazunguka uani kama kafukuzwa na nyuki.

Halafu sisi ni Waislamu. Mama mkwe hataki hata kumwona karibu na mlango, anasema swala zetu zinaingia shaka. Kijana wangu wa miaka 14 naye anampenda mbwa huyu kupita kiasi, ukitaja kumtoa anasusa kula.

Shemeji yangu ana shamba la mikorosho Liwale, yuko tayari kumchukua akalinde. Vijana wa mtaani nao wananiomba waende naye porini, wanasema mbwa wa namna hii ni wa kuwindia, tutagawana kanga. Wengine wanataka awapandie majike yao. Mimi nimechoka. Ni mgonjwa huyu mbwa? Nimpeleke Liwale?

Mama wa Mikindani

---

Marahaba, mwanangu. Pole na mzigo wa kuachiwa.

Mbwa wako hana jini wala kifafa. Mwenye kifafa huanguka, hutupa miguu, hutoka povu, pengine hujikojolea, na akizinduka huwa kama mlevi. Wa kwako anasimama wima, na kuku akishtuka tu naye yumo mbioni. Hicho unachokiona ndicho kilichomfanya mzungu wako anunue mbwa wa ukoo huu. Pointa akinusa ndege mafichoni hasogei wala habweki. Anasimama, anaelekeza pua kule harufu inakotoka, mara nyingi na mguu umekunjwa, ili mwindaji ajue ndege yuko wapi na apate nafasi ya kusogea. Tabia hii imo kwenye damu, watoto wa pointa wenye wiki chache tu huganda mbele ya nyoya lililofungwa kwenye uzi. Kufundishwa kunakuja baadaye, na kazi kubwa ya mafunzo ni kumzuia asiruke mpaka aambiwe. Bruno inaelekea hakumaliza shule hiyo.

Na kichaka kile si kitupu. Mwambie kijana apite upande wa pili akitikise kwa fimbo, mama mkwe akiwa kibarazani anatazama. Mara nyingi ataruka kware, au mjusi, au panya buku. Pengine hatatoka kitu, kwa sababu ndege walishapita na harufu imebaki. Pua ya mbwa inapata yaliyopita, sisi tunategemea macho.

Ukoo wenyewe ni wa Ujerumani, na Wajerumani humwita Deutsch Kurzhaar. Walikuwa na mbwa wazito wa kunusa ndege, wakawachanganya na pointa wa Uingereza ili kupata wepesi na pua ya kushika harufu ya hewani. Kitabu cha nasaba chao kilianza miaka ya 1870. Walitaka mbwa mmoja afanye kila kitu: aonyeshe ndege, amfuate mnyama aliyejeruhiwa, aingie majini kumleta bata. Ndiyo maana ukimchunguza vidole utakuta ngozi katikati yake, ya kuogelea. Dume huwa na kimo cha sentimita 58 hadi 66 begani na uzito wa kilo 25 hadi 32 hivi, kwa hiyo wembamba wa kiuno usikutie hofu ya njaa. Mbavu za mwisho kuonekana kidogo ni sawa. Zikihesabika zote kwa mbali, hapo hashibi.

Mkia hukatwa mbwa akiwa na siku chache tu, kwa hoja kwamba mkia mrefu huchanika kwenye miiba. Nchi nyingi zimeshapiga marufuku. Wakikuuliza waambie alikuja hivyo, mjadala uishe.

Sasa mnyororo. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na baba watoto asome. Mbwa wetu wa kienyeji akifungwa mchana hujilalia, akasubiri usiku. Huyu ametengenezwa kwa vizazi vingi akimbie kutwa nzima milimani na mtu wake nyuma yake. Ukimfunga mwembeni, nguvu ile haiendi popote, inageuka mashimo, makelele na kapu lako la ukindu. Na ana ugonjwa mwingine wa ukoo: hapendi kuwa peke yake. Anataka kuona watu. Ndala aliyotafuna, bila shaka ni ya kijana wako. Mbwa hupenda kutafuna chenye harufu ya anayemkosa.

Dawa ni mbio. Kila siku, si Jumamosi peke yake. Saa moja ni kima cha chini, mbili ndizo zinazomtosha. Kijana wa miaka 14 anayesusa kula kwa ajili ya mbwa ndiye mtu ninayemtaka. Aamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakimbie ufukweni kabla ya shule, na tena jioni jua likishapoa. Katikati ya mchana wasithubutu, hasa miezi ya kaskazi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anategemea kuhema, na kwenye unyevunyevu wetu wa pwani kuhema hakusaidii sana. Pointa ni mjinga wa jambo moja: hajui kuchoka, atakimbia mpaka aanguke. Ukiona anahema bila kutulia, mate yamekuwa mazito, fizi nyekundu sana, anayumba au anatapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na mkimbize kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu. Joto la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likivuka 40 akiwa katika hali hiyo, ni hatari.

Bahati yenu mna bahari. Maji ya ghuba yakiwa yametulia, kijana amrushie kumbi la nazi, linaelea vizuri na mbwa atalifuata na kulileta mpaka mkono uchoke. Kuogelea kunamchosha kuliko kukimbia na hakumpi joto kama mbio. Wabebe maji baridi ya kunywa, maana akinywa ya chumvi ataharisha. Wakirudi asuuzwe chumvi, na masikio yakaushwe kwa kitambaa, kwani sikio lililolala halipitishi hewa na huoza haraka likibaki na maji. Akianza kutikisa kichwa na sikio kunuka, msimwagie mafuta ya taa wala ya nazi. Mpelekeni aangaliwe.

Ila ufukweni kuna kitu kimoja kinachoniogopesha kuliko joto: bunju. Wavuvi wakimpata kwenye wavu humtupa palepale mchangani, na wewe umekulia pwani unajua kwa nini. Sumu yake haiishi kwa kukauka juani wala kwa kupikwa, na mbwa akimla anaweza kulegea viungo, kupooza hata pumzi, akafa. Mbwa huyu kaumbwa kuokota vitu mdomoni. Kwa hiyo karibu na madau awe kwenye kamba, na afundishwe kuachia: anapewa dagaa mkononi, anatema alichoshika. Rudieni nyumbani na ndala mpaka iwe mazoea, halafu ndiyo mwende nayo pwani.

Kuku. Wazo la kumfunga kuku mfu shingoni ulifanya vema kulikataa. Unapata harufu, mabuu na mbwa mwenye vidonda, na kuku walio hai atawawinda vilevile. Tafuta kamba ya mita kumi na mkanda mpana wa shingoni. Mpitishe mbali na kuku, pale anapowaona lakini bado anakusikia. Akiwatazama, mwite jina mara moja. Akigeuza kichwa kwako, kipande cha dagaa. Asipogeuka, uko karibu mno, rudi nyuma. Kila baada ya siku chache sogea kidogo. Kuganda msimpige wala msimkaripie, mnachotaka kukata ni ule mruko. Na nikuambie ukweli ambao waalimu wengi wa mbwa huuficha: aliyekwisha kuua kuku mara kadhaa, mimi singemwacha huru kati yao bila mtu, hata baada ya mwaka wa mafunzo. Jengeni uzio wa makuti au wavu, upande wake na upande wao, mtalala usingizi. Kuku wa jirani wanaoingia kwako ni mazungumzo mengine, ya wewe na jirani.

Mpe pia kazi ya pua. Ficheni vipande vya samaki mkavu ndani ya vifuu na chini ya majani uani, avitafute. Robo saa ya kunusa inamtuliza kweli, na watoto wadogo wanaweza kuifanya wakati kaka yao yuko shule.

Chakula cha dukani kikikaribia kuisha, changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima, usibadili siku moja. Ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekimbia. Dona na dagaa waliosuuzwa chumvi, utumbo uliochemshwa, vichwa vya samaki vilivyotolewa mifupa, mafuta kidogo. Asipewe vitunguu wala mifupa iliyopikwa. Mgawie mara mbili kwa siku, na baada ya kula apumzike angalau saa moja. Mbwa wenye kifua kirefu kama chake tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota. Ukiona tumbo limekaza kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usingoje asubuhi.

Manyoya hayana kazi: kitambaa kibichi mara moja kwa wiki, kucha zikatwe zikianza kulia sakafuni. Kinachotaka macho ni kupe. Mkague kila jioni ndani ya masikio, kwapani na kati ya vidole. Kupe wa mbwa huleta homa zinazomwaga damu, na mbwa wa ukoo wa kigeni huangushwa upesi kuliko wa kwetu. Fizi zikipauka, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, au damu ikatoka puani, ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe ya kukisia kwa kifuniko. Nimeona mbwa wengi wakitetemeka kwa hiyo kuliko kwa kupe wenyewe.

Upande wa dini mimi si shehe, na nyumba yenu ina haki ya kumuuliza ustadhi wenu. Ninachojua ni kile anachojua kila aliyesoma chuoni huku pwani: mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba ametolewa nje ya katazo la kufuga, na Sura al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama waliofundishwa kuwinda. Kwetu Mashafii shida ni unyevu wake, chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi ratibuni mambo. Banda lake liwe mbali na mlango wa mama mkwe na mbali na kisima, mabakuli yake yaoshwe peke yake, kijana awe na nguo za mbwa na nguo za swala, na mbwa asiingie ndani. Mama mkwe apewe heshima yake: aulizwe banda likae wapi. Wazee wengi hukasirishwa na kutoulizwa kuliko na mbwa mwenyewe.

Vijana wa kanga waambie hapana. Kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mbwa wa madoadoa anajulikana mji mzima ni wa nani. Porini kuna mitego ya nyaya pia, na huku kusini mbweha nao wamekutwa na kichaa cha mbwa. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi iliingizwa kwenye mradi mkubwa wa chanjo ya kichaa miaka ya 2010, watu wakapanga foleni na mbwa wao, na bado ugonjwa haujatuacha. Akimng'ata mtu au akang'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyo, maana dalili zikishatokea hakuna tiba.

Kupandisha majike ya mtaa pia nisingekubali. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, uko kwa mbwa wazururaji, na watoto watakaozaliwa wanaweza kuwa na mbio za baba yao na mnyororo wa mama yao. Muulize daktari habari za kumhasi. Atapunguza kuzurura. Mbio hazitapungua.

Limebaki Liwale. Shemeji ana nia njema, lakini anataka mlinzi. Huyu atabweka mgeni akija, kisha atamletea kiatu. Liwale inapakana na pori la Selous, kuna mbung'o, na vimelea wanaoenezwa na mbung'o humwua mbwa wa kigeni haraka, huanza na homa, uso kuvimba na macho kuwa na ukungu. Ongeza salfa na dawa za kuua wadudu zinazopulizwa kwenye mikorosho, daktari aliye mbali, na mnyororo uleule uliomkuta Mikindani. Mimi simpeleki.

Jaribuni mpango wa alfajiri kwa mwezi mzima, kijana akijua kwamba kubaki kwa Bruno kuko miguuni mwake. Kama shule na mbio haviendi pamoja, tafuteni hapo Mtwara mtu mwenye uwanja wenye ukuta na anayependa kukimbia, mpeni bure na kadi yake. Bei msitaje, ukitaja bei watakuja wafanyabiashara wa watoto wa mbwa.

Kabla ya yote, wiki hii beba kadi ya chanjo uende ofisi ya mifugo ya manispaa. Waonyeshe tarehe ya mwisho ya chanjo ya kichaa, ambayo hurudiwa kila mwaka, waulize kama chanjo za parvo na distempa, magonjwa mengine ya mbwa, zimekamilika, na waombe wakupe dawa ya kupe na minyoo kwa uzito wake halisi. Kama hawana mizani ya mbwa, kijana apande na Bruno mikononi kwenye mizani ya korosho, halafu apande peke yake, mtoe hesabu.